Kipima unyevu kwanza, rangi mwisho: tathmini ya vifaa vilivyokausha shule yetu

Kama shule yenu imetoka kwenye mafuriko na mna uwezo wa kununua kifaa kimoja tu kabla ya ukarabati, nunueni kipima unyevu. Pampu mtaazima kwa mtu. Feni mtachangiwa. Rangi isubiri, maana rangi ina tabia ya kujitangaza kuwa imemaliza kazi ambayo bado haijaanza.

Nafundisha fizikia, na nadhani ndiyo sababu nilitumbukizwa kwenye kamati ya kurudisha madarasa. Kwenye kikao mtu alisema, "Haya ni mambo ya joto na mvuke, apewe mwalimu wa fizikia," na kikao kizima kikakubali kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tukijadili ratiba ya zamu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeishi na vifaa hivi, akavisikia usiku vikinguruma, akabishana na mafundi juu yake. Sitaji kampuni. Aina ya kifaa ndiyo yenye maana, na chapa zinatofautiana kidogo kuliko wauzaji wanavyodai.

Nianze na hicho kipima. Ni kidude cha kushika mkononi chenye sindano mbili za chuma kwenye ncha. Unazichomeka kwenye mbao au kuzikandamiza ukutani, nacho hupima jinsi umeme mdogo unavyopita kati ya sindano hizo. Maji hupitisha umeme vizuri kuliko mbao kavu, basi upinzani ukishuka, namba kwenye kioo inapanda. Wanafunzi wangu wa darasa la umeme wangeweza kukieleza, na baadhi yao walikieleza kweli, maana nilikigeuza kuwa somo.

Kwenye mbao ndipo kinapong'ara. Fangasi wanaoozesha mbao huanza kustawi unyevu ukizidi asilimia 20 hivi, na mafundi makini hawafuniki fremu wala kurudisha dari kabla namba haijashuka hadi 15 au chini yake. Ukiona namba za juu sana, kuanzia 30 kwenda mbele, usizitilie maanani kwa usahihi wake. Hapo mbao imeshiba na kifaa kinabahatisha. Chukulia tu kwamba imelowa, rudi baadaye.

Kwenye ukuta wa tofali au zege mambo yanabadilika, na hapa maelezo ya karatasi iliyokuja na kifaa chetu yalikuwa hafifu mno. Namba inayoonyeshwa ukutani si asilimia halisi ya maji yaliyomo. Namba za kifaa zimepangwa kwa ajili ya mbao, kwa hiyo ukutani kinatoa namba ya kulinganishia tu. Njia tuliyotumia ni hii: tulipima kuta za ghorofa ya juu ambako maji hayakufika, zenye tofali na lipu ileile, tukaandika namba zake. Hiyo ndiyo ikawa "kavu" yetu. Kila chumba cha chini kilisubiri hadi kikaribie namba hiyo. Tuliweka alama za penseli kwenye kila ukuta, moja karibu na sakafu, moja usawa wa goti, moja juu ya mstari wa tope, ili kila siku tupime palepale. Ukipima popote mkono unapoangukia utapata namba nyingi zisizosema chochote.

Kasoro yake kubwa ni chumvi. Maji ya mafuriko yakipanda ndani ya tofali hubeba chumvi, nayo yakikauka huziacha nyuma, ule unga mweupe unaotokea juu ya lipu. Chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo kipima kinaweza kukuambia ukuta umelowa wakati sehemu kubwa ya maji imeshaondoka. Futa unga kwa brashi kavu kabla ya kupima. Usiuoshe kwa maji, utairudisha chumvi ndani. Na kama mna uwezo, tafuteni kile kinachokuja na sindano ndefu zilizovikwa plastiki hadi karibu na ncha. Zinaingizwa kwenye matundu mawili yaliyotobolewa na kusoma kilichomo ndani ya ukuta, si usoni tu.

Tofauti ya usoni na ndani ndiyo iliyozaa ugomvi wetu na fundi rangi. Alipitisha kiganja ukutani akasema, "Mwalimu, huu umekauka, uguse mwenyewe." Niliugusa, na kweli ulikuwa mkavu kwa mkono. Sindano fupi nazo zilikubaliana naye. Zile ndefu, kwenye kina cha sentimita chache, zikasoma karibu maradufu. Akaangalia, akakaa kimya, kisha akasema, "Hicho kidude chako kitaninyima kazi." Nikamwambia, "Fundi, hakikunyimi, kinakuhakikishia hutaitwa kuirudia bure." Kilichonisaidia kushinda hoja ni jengo la utawala lililokuwa ng'ambo ya uwanja. Mkandarasi mwingine alikuwa amelipaka rangi ya mafuta mapema, lilipendeza sana siku ya ukaguzi, na wakati tunabishana lilikuwa linavimba malengelenge na kubambuka vipande vya ukubwa wa daftari.

Kwa wanaouliza ukuta huchukua muda gani: mafundi wengi wa majengo hutumia kanuni ya makadirio ya mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, ukiachwa ukauke wenyewe. Ukuta mnene unakula miezi. Hii ndiyo habari ambayo mkuu wa shule hapendi kuisikia, na ndiyo inayofanya watu wakodi mashine.

Mashine ya kukausha hewa, basi. Hii inafyonza hewa ya chumba, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, mvuke unageuka matone, matone yanaingia kwenye ndoo, na hewa kavu inarudishwa chumbani. Mwanzoni wenzangu hawakuamini kwamba "kukausha hewa" kuna uhusiano na ukuta, kwa hiyo nilichukua chaki. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za maji. Darasa la mita 8 kwa 7, lenye kimo cha mita 3, lina mita za ujazo 168. Hewa yake yote ikishiba kabisa imebeba kama lita 5 tu. Sasa ukuta: mita moja ya mraba ya tofali za kuchoma yenye unene wa sentimita 10 ina uzito wa karibu kilo 180, na ikifyonza asilimia 10 ya uzito wake imekunywa lita 18. Mita moja ya mraba! Hewa ya darasa ni kata ya kuchotea maji, ukuta ni kisima. Kata ikijaa, hakuna kinachotoka tena kisimani mpaka uimwage, na kazi ya mashine ni kuimwaga mchana na usiku.

Hesabu hiyo ndiyo ilinishawishi kwamba mashine hizi zina thamani yake, lakini kwa masharti. La kwanza, milango na madirisha yafungwe. Hili liliwaudhi watu wote. Kila mlinzi, kila mzazi aliyepita alifungua dirisha kwa nia njema ili "hewa iingie". Kama hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani, zima mashine, fungua kila kitu, utaokoa umeme. Kama nje kuna mvua au unyevu mzito, dirisha wazi linamaanisha unaikausha dunia nzima. Kipimahewa kidogo cha kuonyesha unyevu wa hewa kwa asilimia kinamaliza ubishi huo, na lengo la ndani ni kubaki chini ya asilimia 60.

La pili, usidanganywe na lita zilizoandikwa kwenye kasha. "Lita 50 kwa siku" mara nyingi hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Chumba kikianza kukauka, ndoo nayo inaanza kujaa polepole, na hiyo si hitilafu, ni habari njema. Kwenye baridi kali aina hii ya mabomba huzidiwa na barafu. Huko inafaa ile inayotumia dutu ya kufyonza mvuke, ingawa inakula umeme zaidi. La tatu, chukua yenye mpira wa kutolea maji moja kwa moja hadi nje. Tulipewa baadhi zisizo na mpira, na ndoo ikijaa mashine inajizima. Zikajizima usiku, kila usiku, hakuna aliyekuwepo. Kwa hizo natoa alama ndogo bila huruma.

Feni zinafanya kazi isiyoonekana: zinaondoa ile tabaka ya hewa iliyoshiba inayong'ang'ania ukutani. Zielekeze kimshazari, upepo uteleze kwenye ukuta, badala ya kuupiga uso kwa uso. Ila feni haiwashwi kwenye chumba chenye ukungu unaoonekana wala chenye vumbi la tope lililokauka. Unasambaza mbegu za ukungu na uchafu wa vyoo kwa kila pafu lililomo humo. Na msishawishike kuleta majiko au hita kali kuharakisha. Lipu hupasuka, mbao hupinda.

Kabla ya yote hayo, umeme. Fundi umeme aliyesomea aje apime, na swichi, soketi na vikata umeme vilivyozama vibadilishwe, visikaushwe kwa jua na kurudishwa. Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita 6 kutoka madirishani na milangoni, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu, na inaua.

Kuhusu pampu sina mengi. Zipo za kuzamisha na zipo za maji machafu zinazokaa nje. Ya kuzamisha hupozwa na maji yanayoizunguka, ikiachwa inafanya kazi sehemu kavu inaungua, kwa hiyo chagua yenye boya la kuizima. Ya maji machafu inameza majani na vijiti, ina kelele, nayo ndiyo iliyotufaa zaidi uwanjani. Jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia: kama mna stoo ya chini ya ardhi, msiinyonye yote kwa mara moja wakati ardhi ya nje imelowa chapachapa. Maji ya ndani ndiyo yanayosukumana na uzito wa nje. Yakiondolewa ghafla ukuta unaweza kuingia ndani. Ushauri wa wataalamu ni kupunguza theluthi moja kwa siku na kuangalia kama maji yanapanda tena.

Koleo na toroli zinastahili sifa kuliko zinavyopata. Tope lizolewe likiwa bado bichi. Likishakauka ni kazi mara mbili na vumbi lake ni la hatari. Watu wavae mabuti na glavu nene, maana ndani ya tope mna misumari na vioo, na wahakikishe chanjo yao ya pepopunda bado ina nguvu.

Klorini ni kitu kizuri kinachotumiwa vibaya. Ilipofika, watu walitaka kuimwaga juu ya tope. Haifai kitu hapo, tope linaimaliza nguvu. Kwanza sabuni na maji mpaka sakafu ionekane, ndipo dawa. Kwa ukungu kwenye sehemu ngumu, kipimo kinachoshauriwa hakizidi kikombe kimoja, yaani mililita 240, cha klorini ya maji ya kufulia nguo kwenye galoni moja ya maji, kama lita 3.8. Usiichanganye kamwe na dawa yenye amonia wala na ile ya asidi ya kusafishia vyoo. Gesi inayotoka inaunguza mapafu. Kwenye matangi ya maji ya kunywa tulitumia vidonge vya kupimia vinavyogeuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwepo, na kiwango cha kulenga ni miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30. Vidonge hivyo ni vya bei ndogo kuliko kila kitu kwenye orodha yangu, na nisingefungua bomba la watoto bila hivyo.

Sasa friza. Ndiyo, friza ya kawaida. Rejista za uandikishaji na vitabu vya matokeo vilikuwa kwenye kabati la chini, na ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye karatasi iliyolowa. Hakuna kamati inayoweza kukausha maelfu ya kurasa, moja baada ya nyingine, kwa muda huo. Ukizigandisha, ukungu unasimama na wewe unapata nafasi ya kufikiri. Si ujanja wangu. Wakati mto Arno ulipofurika Florence tarehe 4 Novemba 1966, vijana wengi walijitokeza kuokoa vitabu kwenye matope, Waitalia wakawaita malaika wa matope, na tangu hapo wahifadhi wamejifunza mengi kuhusu karatasi iliyolowa. Mwaka 1972 maktaba ya makumbusho ya vioo ya Corning, Marekani, ilipofurika baada ya kimbunga Agnes, vitabu vilivyolowa viligandishwa.

Namna tulivyofanya: kila rejista ikafungwa kwenye karatasi yenye nta, ikasimamishwa mgongo ukiwa chini, bila kubanana. Kisha tukazitoa chache chache na kuzikausha kwa feni, karatasi nyeupe za kufyonza maji zikiwekwa katikati ya kurasa na kubadilishwa. Wino wa kalamu ya mpira ulistahimili. Mihuri ilichuja. Vitabu vya kiada vyenye karatasi za kung'aa msihangaike navyo. Karatasi hizo zikikauka zikiwa zimefungwa hugandamana zikawa tofali, na kitabu kipya kinapatikana. Rejista ya zamani haipatikani. Mwenzangu wa historia alitaka kuokoa kila kitu, ikabidi tumwekee rafu yake ndani ya friza ili kazi iendelee.

Samani zilijihukumu zenyewe. Madawati ya mbao halisi yalioshwa, yakakaushwa kivulini, yakapita kwenye kipima, yakarudi. Meza za mbao za chembechembe zilivimba kwenye kingo na hazikuwa na dawa. Waliochanga samani wanisamehe, lakini kama mnanunua upya kwa shule iliyo bondeni, msinunue hizo tena hata zikipendeza.

Wakati kuta zinakauka, watoto walihitaji pa kusomea, na hapa natoa alama za juu kwa sanduku la UNICEF liitwalo School-in-a-Box. Limetengenezwa kwa mwalimu mmoja na wanafunzi hadi 40. Ndani mna madaftari, penseli, mikasi, saa ya kufundishia, vipande vya mbao vya kuhesabia, na mabango yenye plastiki ya alfabeti na jedwali la kuzidisha. Kifuniko chake ukikipaka rangi maalumu iliyomo kinakuwa ubao. Nilichokipenda kuliko vyote ni madaftari yasiyo na pambizo: yamechapwa hivyo ili anayeandika kutoka kushoto na anayeandika kutoka kulia wote wayatumie. Mtu aliyekaa akafikiria hilo anaelewa darasa. Kwa wanafunzi wakubwa wa sayansi halitoshi, na halikukusudiwa hivyo. Ukipanga madarasa ya muda hesabu na vyoo pia: viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada wakati wa maafa, vinataka choo kimoja kwa wasichana 30 na kimoja kwa wavulana 60. Hema bila choo wasichana watalikimbia kabla ya mapumziko.

Mkuu wa shule alinijia zaidi ya mara moja. "Mwalimu, wazazi wananiuliza lini. Niwaambie nini?" Nilimpa karatasi yenye grafu, mstari mmoja kwa kila darasa, unyevu ukishuka wiki hadi wiki kuelekea namba ya ghorofa ya juu. Akaibandika kwenye ubao wa matangazo. Tangu hapo maswali yalibadilika. Wazazi wakaanza kuuliza kwa nini darasa la pembeni linashuka polepole kuliko jirani yake, nasi tukagundua mfereji wa paa uliovunjika ukiendelea kulimwagia maji kwa nyuma. Kipima peke yake kisingetuambia sababu, ila kilituonyesha pa kwenda kutazama.

Kwa upangaji wangu: kipima chenye sindano ndefu, tano kwa tano. Vidonge vya kupimia klorini, tano. Friza, nne na nusu, nusu imekatwa kwa sababu ya rafu ya mwalimu wa historia. Sanduku la UNICEF, nne na nusu kwa kazi yake. Mashine ya kukausha hewa yenye mpira wa kutolea maji, nne, isiyo na mpira, mbili. Feni, nne. Pampu ya maji machafu, nne, ya kuzamisha bila boya, msikubali hata mkipewa bure.

Mkikinunua kipima, angalieni mambo matatu dukani: kiwe na sindano za akiba, maana zinapinda kwenye zege, kiwe na kitufe cha kushikilia namba, kwa sababu pembeni ya sakafu huwezi kuona kioo huku umekikandamiza, na kiwe na kifuniko chenye vipande vya kujipimia vya kuhakikisha bado kinasoma sawasawa. Chetu kinatumia betri ya volti 9. Itoeni mnapokihifadhi, isije ikavuja.